Mashua ya Matondoni yenye mashine: ninunue au niiache?

Mvita_Baharini
Assalaam aleikum wakuu. Nimepata mashua Lamu, futi 28, iliundwa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, mwaka 1998. Mwenyewe mzee, haendi tena baharini na wanawe hawaitaki. Mataruma (mbavu za ndani) ni ya mti wa mkomafi, rangi inang'aa. Mashine ya ndani, Yanmar ya dizeli, silinda mbili. Anataka laki sita na nusu. Nia yangu kupeleka wageni kisiwa cha Manda Toto. Nichukue, au nitafute boti ya faiba?

Kalafati
Rangi haina la kukuambia. Ngoja bamvua, maji yanapokupwa sana, mwambie aipweleze, yaani aikalishe mchangani, maji yakitoka ingia chini na bisibisi. Dunga mbao zilizo karibu na mkuku (uti wa chini), na pale tezini, nyuma, shafti inapotokea. Bisibisi ikizama kama kwenye papai bivu, aga uondoke. Tazama na misumari: ikitoa michirizi ya kutu, mbao inalika kwa ndani.

Papa_Upanga
Tabu yote ya nini? Ivishe faiba, mambo yaishe.

Kalafati
Wee bwana! Mbao ya zamani imeshanywa maji. Ukiifunika na unyevu wake inaozea humo humo, wewe unaona faiba tu inang'aa. Pamba ya kuziba mianya, mafuta, na deheni ya kupaka chini vimeibeba miaka yote hiyo.

Bi_Shela
Mwanangu, uliza imekaa pwani juu muda gani. Chombo kilichokauka ukikishusha kitavuja tu, siku mbili tatu, mpaka mbao zifure. Usibabaike, weka kijana wa kufua ngama, kuchota maji yanayoingia. Ikipita wiki bado kinavuja, hapo ni kalafati mpya, kuzibwa upya mianya ya mbao, na bei ishuke.

Dizeli_Kavu
Gusa mashine kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ujue umetayarishiwa. Ikiwaka angalia moshi: wa buluu ukizidi kutoka hata ikishapata moto, inakula oili. Na kama ni ya kubeba abiria, ukaguzi na leseni ya KMA (mamlaka ya usafiri wa baharini ya Kenya) kwanza, maboya ya kila kichwa. Hesabu hizo kabla hujatoa hata shilingi.

Mvita_Baharini
Ahsanteni sana. Mzee amekubali tuipweleze. Nani ananijulisha fundi wa hapa Mombasa nimpandishe Lamu?

Kalafati
Wa Mombasa wa nini? Vuka Matondoni, uulizie nani aliyeiunda. Kama yu hai, atakwambia ni mbao zipi zilishabadilishwa.