Ripoti ya mechi: utamu wa lugha au matokeo tu?

Mdau wa Mwanjelwa: Jamani nimesoma ripoti ya mechi ya uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, mwandishi kaanza na ukungu unavyoshuka toka mlima Loleza hadi kipa wa kule haonekani, nimeirudia mara tatu. Nikafungua nyingine nakuta "kuzifumania nyavu" mara nne. Aliyeanzisha hilo neno alikuwa fundi kweli, nyavu zimekutwa hazina pa kukimbilia! Sasa limechakaa. Mnajali lugha au mnataka matokeo tu?

Kijana wa Kabwe: Kaka mi niambie nani kafunga, dakika ya ngapi. Ukungu naishi nao.

Mwalimu Kihesa: Mfungaji unampata kwenye simu kabla refa hajapuliza, gazeti unanunua la nini sasa? Mbeya City wamepanda Ligi Kuu 2013, uwanja zambarau tupu, wakamaliza wa pili, ile ilitaka mtu wa kuiandika.

Kijana wa Kabwe: Wa TATU mwalimu. Azam, Yanga, City, Simba wa nne. Na Azam ubingwa waliuchukulia hapohapo Sokoine. Ndo shida yenu, utamu mwingi namba zinawapita.

Mwalimu Kihesa: Sawa wa tatu. Ila hiyo Azam kubeba kombe mbele ya watu wetu, namba itakueleza watu walitokaje uwanjani siku ile?

Mtu wa Tanga: Lugha tamu tuachieni sie wa pwani, huko kwenu baridi inakaza ulimi.

Mama Uyole: Wewe usitutukane. Ulimi umeingiaje hapa wakati watu wanaongelea kuandika? Mi nimekulia Rungwe, Tukuyu Stars wanachukua ubingwa 1986 baba alitusomea gazeti kwa sauti jikoni, majirani wamejaa mlangoni, na palipomkolea alikuwa anarudia. Kiswahili kilituingia hivyo.

Mtu wa Tanga: Mama samahani, sikukusudia wewe.

Mama Uyole: Ulisema "kwenu". Kwetu ni mimi.

Mdau wa Mwanjelwa: Turudi kwenye mada basi.

Mnyalu wa Gangilonga: Mada yenyewe ndo hii, nani anaandika habari zetu. Lipuli yetu ya Iringa 2019 tumefika fainali ya Kombe la FA kule uwanja wa Ilulu, Lindi, Azam katufunga moja bila. Kesho yake nanunua gazeti, sifa zote za Azam, sisi tumetajwa kama waliofungwa. Vijana wetu walichezaje? Nani alilia? Hakuna. Mwenye ile mechi kichwani aiandike hapa, nasubiri.