Koti gani la mvua linafaa kuvulia?

mshipi_mikindani: Wakuu habari za jioni, mi navua kwa mshipi na ngalawa huku Mikindani, mwaka jana nilinunua koti la nailoni lile jepesi la bodaboda, mwezi haujaisha linavuja mabegani na zipu imeshika kutu. Mvua za Desemba hizo zinakuja, ninunue lipi?

babu_pweza: Mwanangu, la bodaboda ni la kukalia pikipiki. Tafuta la PVC zito, lile la plastiki, kabla hujalipa ligeuze ndani uangalie mishono, iwe imeunganishwa kwa moto au imepigwa utepe, ukiona tundu za sindano tupu achana nalo. Zipu ya plastiki. Na mikononi pawe na lastiki, maana ukivuta mshipi mkono juu maji yanateremka mpaka kwapani, hapo ndo utajua baridi ya usiku.

wa_kivinje: PVC nzuri lakini joto lake jamani! Unalowa jasho badala ya mvua 😂 mie navaa suruali yake tu ile ya mikanda, koti mpaka inyeshe. Chukua njano au chungwa, la bluu ukidondoka majini nani atakuona?

babu_pweza: Kweli kabisa. Laifu jaketi ivae juu ya koti, sio ndani, na mabuti yasikubane, yawe ya kuvulika haraka.

mshipi_mikindani: Shikamoo babu, asante. Kutu nayo?

babu_pweza: Marahaba. Suuza na maji ya bomba kila ukirudi, anika kivulini.