Mnaiponda St. Cyr kwa kosa lisilo lake, kosa lake lenyewe mnalipigia makofi

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa malalamiko na povu lipo la kutosha, kwa hiyo aliyekuja kutafuta kitabu chepesi cha wikendi apite tu. Mods, nawaomba msiuunganishe na ule uzi wa riwaya za mapenzi za Kizungu. Huko ndiko balaa lenyewe lilikoanzia.

Kwa wasioujua mfululizo huu: unaandikwa na C. S. Harris, ulianza 2005 na kitabu What Angels Fear, na hadi 2025 vimefika vitabu 20. Mpelelezi ni Sebastian St. Cyr, Viscount Devlin, kijana wa ukoo mkubwa aliyerudi kutoka vita vya Wafaransa kule Hispania na Ureno, usiku halali vizuri. Kitabu cha kwanza ni Januari 1811. Mwigizaji wa kike anakutwa ameuawa kinyama ndani ya kanisa pale Westminster, na bastola ya St. Cyr iko palepale. Anasakwa jiji zima, hana njia nyingine ila kumtafuta muuaji mwenyewe kabla kitanzi hakijamfikia.

Sasa, kundi letu la kusoma limepiga kura kuutupa mfululizo huu. Sawa, kura ni kura. Kilichonipandisha presha ni sababu. Nimezisoma zote, kisha nikaenda kuchungulia maoni ya wasomaji wa Uingereza na Marekani nikidhani huko watakuwa na hoja za maana, nikakuta wimbo uleule: maiti nyingi, uchafu mwingi, siasa nyingi, mapenzi kiduchu, majina yanachanganya. Mtu anatoa nyota moja kwa kitabu cha mauaji kwa sababu kina mauaji!

Hili la majina nilimalize haraka. Eti St. Cyr, mara Devlin, mara bwana mkubwa, na baba yake anaitwa Hendon, hawaelewi nani ni nani. Jamani. Mtaani kwetu mtu mmoja ni Hamisi, ni Baba Zuhura, ni Fundi, na akienda kijijini anaitwa jina la babu yake, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Baba ni Earl wa Hendon, mwana mrithi anatumia cheo kidogo cha familia, Viscount Devlin. Basi. Kurasa kumi unakuwa umezoea.

La "siasa nyingi" ndilo linaloonyesha kwamba wengi mmekuja na picha ya tamthilia za magauni na madansi. Hizo enzi za Regency mnazozipenda zipo kwa sababu ya siasa tu! Mfalme George III akili ilimruka, Februari 1811 Bunge likamkabidhi mwanawe akaimu (ndiye Regent, yaani kaimu mfalme), naye akakaimu hadi mzee alipokufa Januari 1820. Miaka hiyo tisa nchi ilikuwa inapigana na Napoleon hadi Waterloo, Juni 1815. Wafumaji walikuwa wanavunja mashine usiku kwa sababu zinawanyima mkate, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria kwamba mvunja mashine anyongwe. Tarehe 11 Mei mwaka huohuo Waziri Mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi akafa palepale kwenye ukumbi wa kuingilia Bungeni. Mwandishi aweke wapi hayo yote? Chini ya zulia, ili watu wacheze muziki?

Mwingine kaandika eti "nilitegemea kitu kama Jane Austen." Ndugu yangu, Jane Austen YUMO. Yumo kama mhusika kwenye Who Buries the Dead, anatembea na kuongea. Ungefika kitabu hicho ungemkuta. Na kitabu hichohicho ndicho mlichokisema kimezidisha chumvi, kwa sababu kina habari za jeneza la mfalme aliyekatwa kichwa. Sasa sikilizeni: jeneza la Charles I lilifunguliwa kweli pale Windsor tarehe 1 Aprili 1813, na Regent mwenyewe alikuwepo anatazama. Na anayeuawa humo ni tajiri mwenye mashamba Jamaika. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini watumwa waliokuwa tayari mashambani walibaki mashambani, na sheria ya kuwaachia haikuja hadi 1833. Yale magauni yalilipiwa na miwa ile. Mwandishi anaipitisha sukari hiyo mbele ya macho yenu, nyinyi mnauliza mbona hawabusiani.

Halafu uchafu. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipokasirika kweli.

Mnakumbuka Where Serpents Sleep? Wanawake waliokuwa wakijiuza wamekimbilia nyumba ya hifadhi ya Waquaker (dhehebu la Kikristo), wanavamiwa usiku, wanauawa, nyumba inachomwa moto. Wakubwa hawataki lichunguzwe, maana kwao hao si watu wa kuhesabiwa. Au Where the Dead Lie, watoto wa mitaani wa Clerkenwell, hapohapo London, wanapotea mmoja mmoja na hakuna anayeuliza. Nimeona mtu ameandika kwamba kitabu hicho "kimemharibia enzi aipendayo." Yaani mtoto kateswa hadi kufa, wewe umeharibiwa enzi!

London ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na haikuwa na polisi kama tunavyowajua. Polisi wa jiji walianzishwa 1829. Kabla ya hapo kulikuwa na walinzi wa usiku wa parokia, wengi wao wazee, kulikuwa na vijana wa Bow Street, wapelelezi wa ofisi ya hakimu ya mtaa huo, wanaotaka walipwe kwanza, na kuanzia 1792 kulikuwa na ofisi saba za mahakimu, kila moja na mahakimu watatu na askari wachache wa kuhesabika. Na kesi ya mauaji kwa kawaida ilifunguliwa na ndugu wa marehemu, kwa gharama zao. Sasa msichana aliyetoroka kijijini, hana baba wala kaka, akiuawa nani ataifungua? Ndiyo maana hadithi inamhitaji mtu kama St. Cyr, mwenye jina, farasi na hela za kuhonga bawabu. Uchafu huo ndio unaoifanya kesi iwepo. Ukiusafisha unabaki na bwana mdogo anayeuliza watu maswali yasiyomhusu.

Na yule daktari mpasuaji, Paul Gibson, mmemponda kwamba anatia kichefuchefu. Mtu mguu mmoja ulibaki vitani, anachechemea na mguu wa mti hadi kwenye kijumba cha mawe nyuma ya nyumba yake pale Tower Hill, anauchokonoa mwili mezani huku maumivu yanamrudisha kwenye afyuni kila jioni. Kwangu mimi ndiye mhusika bora kuliko wote. Kisheria madaktari wa wakati ule waliruhusiwa kupasua maiti za wauaji walionyongwa tu, hadi sheria ilipobadilishwa 1832, na hizo hazikutosha hata darasa moja. Kwa hiyo walinunua kwa wezi wa makaburini, mlango wa nyuma, giza likishaingia. Gibson naye ananunua. Mtu mwema anayetafuta haki ya marehemu mmoja huku amemwibia kaburi marehemu mwingine! Hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi, na hapo ndipo mlipofunga kitabu.

Haya. Msidhani nimekuja kumpamba mwandishi. Kosa lipo, tena kubwa, na katika maoni yenu yote sikuliona hata mara moja.

HATUFIKI MAHAKAMANI. Kitabu kinakwenda kurasa mia tatu na zaidi, St. Cyr anagonga mlango wa huyu, anatukanwa, anagonga wa yule, anadanganywa, usiku anavamiwa uchochoroni na wahuni wenye visu (jamani mara ngapi, koti la mtu huyu lina viraka vingapi), kisha mwishoni anamkabili muuaji, na mara nyingi mno muuaji anafia palepale. Kaanguka, kapigwa risasi, kaungua. Sura inayofuata watu wako nyumbani wanazungumza mbele ya moto. Hivi mahakama ilikuwa imefungwa?

Haikuwa imefungwa, wakuu, ilikuwa inatisha kuliko uchochoro wowote. Chukueni kesi ya Perceval hiyohiyo. John Bellingham alimpiga risasi tarehe 11 Mei. Tarehe 15 akasimama Old Bailey, mahakama ya jinai ya London. Tarehe 18 akanyongwa. Wiki moja! Kesi za kawaida ziliisha kwa dakika chache tu, mshtakiwa wa kosa la kunyongwa hakuwa na haki ya wakili kumsemea mbele ya watu 12 wa kuamua hatia hadi 1836, na makosa yaliyokuwa na adhabu ya kifo yalipita 200, wizi wa dukani ukiwemo. Mwandishi huyu ana shahada ya uzamivu ya historia, hayo anayajua kuliko mimi, na sura ya ofisi ya hakimu anaiandika vizuri sana kila hakimu Sir Henry Lovejoy anapotokea. Kwa nini asituketishe Old Bailey siku nzima tumwone muuaji mwenye cheo anavyojitetea, na mashahidi wanavyonunuliwa?

Najua kuna mtu atakimbilia mauaji ya Ratcliffe Highway. Ndiyo, Desemba 1811 familia mbili ziliangamizwa, mtuhumiwa John Williams akakutwa amejinyonga gerezani kabla ya kesi, maiti yake ikatembezwa barabarani kwenye mkokoteni tarehe 31, ikazikwa njia panda na mambo ya kijiti moyoni. Na Harris ameirudia kesi hiyo kwenye What the Devil Knows, akauliza swali lilelile ambalo watu wa wakati ule waliliuliza: je, kama aliyekufa gerezani siye muuaji? Kitabu kizuri. Lakini ona basi, anajua kabisa kwamba muuaji akifa kabla ya kesi watu wanabaki na shaka, halafu vitabu vingine anatuulia muuaji na anatutaka tulale usingizi.

Na Jarvis! Lord Jarvis, binamu wa mfalme, ndiye anayemwendesha Regent. Mtu huyu anaagiza watu wapotezwe kama anavyoagiza chai. Ukihesabu maiti za mfululizo mzima, hakuna muuaji anayemfikia. Na yeye ni baba mkwe wa shujaa (hili si siri, limeandikwa hadi nyuma ya jalada la vitabu vya baadaye, msinijie juu). Wasomaji wanampenda kufa. "Jarvis ana akili," "Jarvis anachekesha," "Jarvis na mjukuu wake jamani." Kitabu baada ya kitabu tunamshangilia mpelelezi kwa kumnasa mtu aliyeua watatu, huku aliyeua hata hatujui wangapi anakaribishwa sebuleni. Binti yake Hero anaandika makala kuhusu maskini wa London, anakaa na wafagia njia na wauza maua anawauliza wanakula nini, kazi ya maana kabisa, lakini hesabu ya baba yake haipigi hadi mwisho. Ninasubiri tangu kitabu cha tatu. Mwandishi akitaka kutuambia kwamba wakubwa hawaguswi, atuambie kwa uchungu. Sasa hivi anatuambia kwa utani, na nyinyi mnacheka.

Kundi letu lingeutupa mfululizo huu kwa sababu hiyo, ningenyoosha mkono nami.

NYONGEZA, baada ya komenti za usiku:

@aliyesema nimetumwa na mchapishaji: vitabu vyangu vingi ni vya mtumba, vingine havina jalada. Mchapishaji hajanipa hata kikombe cha kahawa.

@anayeuliza aanzie wapi: anza cha kwanza, ufuate mpangilio. Kila kesi inasimama peke yake ila mambo ya familia yanarundikana, ukirukia katikati utakuja kufungua uzi wa majina. Ukishindwa na polepole ya cha kwanza, vumilia hadi Tom aingie, yule kibaka mdogo.

@dada wa huko Mombasa aliyesema mahakama ingepunguza kasi: hapo tutabishana hadi kesho, lakini angalau wewe umesoma. Hoja yako kwamba msomaji anataka kumwona muuaji akilipa palepale naielewa. Mimi ninataka kuwaona waliomficha wakiulizwa chini ya kiapo.

Na wewe uliyeandika siri ya baba mzazi wa St. Cyr, yote, pamoja na jina, kwa herufi kubwa, katikati ya uzi ambao una watu hawajamaliza kitabu cha pili: futa hiyo komenti. Nimeshairipoti, lakini mods wamelala.