Mwenye mgahawa kachovya kidole kwenye supu yangu! Hivi vituo vya malori vimetufikisha wapi?

Mzigo Mzito (mwanzisha uzi):

Wakuu, naandika nikiwa kwenye kebini na mikono inatetemeka. Si kwa njaa tu, ingawa njaa nayo ipo.

Sitaji jina. Mnamjua. Kila aliyewahi kushika usukani wa semi anamjua, yule mwenye kalamu sikioni ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiandika kitu. Ukisema tu "pale kwenye taa inayokonyeza", madereva wote mnashika matumbo.

Nimeingia saa mbili usiku, nipo barabarani tangu alfajiri. Ukutani kumepakwa rangi nyekundu orodha ya vyakula ishirini na kitu. Nikaomba kuku. Imeisha. Samaki? Imeisha. Nikafungua mdomo nipige mwayo, yule binti akaniwahi: imeisha. Kilichobaki ni supu. Haya, lete supu.

Ikaja. Mafuta yameganda juu, ungeweza kuandikia namba ya gari kwa ncha ya kijiko. Nyama moja imekaa katikati peke yake kama gari lililoharibika mlimani. Nimeitafuna gia ya kwanza mpaka ya nane, nikaweka rivasi, haijakatika. Mchuzi wenyewe ukiumwaga kwenye rejeta injini haishtuki. Hayo tumezoea. Nikamwita mwenye mali kwa adabu zote: "Bosi, supu imepoa, naomba mnipashie."

Hakunijibu. Akaja, akainama, akachovya kidole. Kwenye supu yangu! Mpaka kifundo cha pili. Akatulia nacho mle ndani kama anasikiliza mapigo ya mgonjwa, akakitoa, akakiramba, akasema: "Mbona ya moto hii?"

Akaondoka zake.

Kidole, wakuu. Kijiko kilikuwepo mezani, kimelala pale, kinatuangalia. Na hicho kidole dakika mbili kabla nimekiona kikihesabu noti, na kabla ya noti kilikuwa sikioni kinahangaika na ile kalamu. Halafu bakuli kaniachia. Yaani alitegemea niendelee kula.

Nilipoanza kazi hii, bado utingo, wazee walitufundisha: ukiona malori mengi yamepaki, shuka, hapo kuna chakula. Na kweli ulikuwa unashuka, moto unawaka, mpishi anakuuliza unaelekea wapi na anakufungia cha njiani bila kumwomba. Siku hizi malori yamejaa kwa sababu kuna uzio, taa na mlinzi. Tunapaki pale ili betri na mafuta yasiibwe, tumbo ndilo linalipa. Naye analijua hilo. Anajua hakuna mtu wa kugeuza semi usiku akatafute chakula mitaani. Kwa hiyo sufuria moja inapikwa asubuhi, inapashwa mchana, inapashwa jioni, ikifika zamu yetu imepashwa mara nyingi kuliko injini yangu. Wengine hata jiko wameng'oa kabisa, ukiuliza chakula unaonyeshwa biskuti kwenye rafu.

Yote hayo ningemsamehe. Kidole sisamehi. Kakiramba! Halafu eti mbona ya moto.

Gia ya Nne:
Kidole gani mkuu? Tusaidie ili tujue ukubwa wa tatizo.

Mzigo Mzito:
Cha kati. Umefurahi?

Gia ya Nne:
Nina amani sasa.

Trela Tupu:
Hii chai. Kifundo cha pili? Supu ya pale haina kina hicho. Mimi nimekula pale, ukichovya inafunika kucha tu.

Mama wa Safari:
Kaka yangu, swali moja. Ulilipa?

Mzigo Mzito:
Dada, unajua pale unalipa kabla.

Mama wa Safari:
Pole. Nilitaka tu kusikia ukikiri.

Daktari wa Barabara:
Wadau, mnacheka lakini kidole hicho kimetoa ushahidi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe hivi hivi zaidi ya saa 2. Sasa maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Kama jamaa alituliza kidole kama anasikiliza mapigo na hakuruka, basi supu ilikuwa imepoa. Amejipima mwenyewe akafeli. Halafu kwenye ngozi ya watu wengi kunaishi bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, sumu yake haifi hata ukipasha upya. Na wali wa kupasha nao muuogope, kuna mwenzake anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa nje masaa, zinaamka.

Mzigo Mzito:
HII ndiyo ningemwambia pale pale! Kwa nini majibu mazuri huja nikishapanda garini?

Gia ya Nne:
Daktari, kwa hiyo njaa tu ndiyo haina bakteria?

Nyundo ya Tairi:
Nyinyi madereva mnajifanya wasafi sana leo. Nimefanya kazi kwenye mgahawa wa hivyo miaka mitatu. Dereva anaingia katoka kukaza nati, mikono myeusi ya grisi, anavunja mkate anapasia meza nzima. Anakula, anasema anachukua hela garini, unasikia tu honi inaaga. Mwenye mgahawa naye ana ya kwake moyoni.

Mzigo Mzito:
Sawa, lakini kidole?

Nyundo ya Tairi:
Angetumia kijiko ungesema kijiko kichafu.

Mama wa Safari:
Na kingekuwa kichafu.

Zamu ya Usiku:
Tukiacha supu, mabafu ya pale mmeyaona? Unalipia maji ya moto, unafungua koki, inakohoa, inatoa tone la kutu, inakata. Nimetoka na povu kichwani nikamalizia kwa maji ya rejeta. Uzi wa mabafu ndio ungefunguliwa leo, supu tungeiongelea kesho.

Trela Tupu:
Naunga mkono hoja. Mlango hauna komeo, unaoga huku umeushikilia kwa mguu.

Msomaji Tu:
Kule Ulaya dereva wa lori akiendesha saa 4 na nusu ni lazima apumzike dakika 45. Marekani akimaliza saa 8 za kuendesha, mapumziko ya dakika 30. Huo muda mtu anakaa chini anakula kama binadamu.

Gia ya Nne:
Dakika 45? Pale kwa mwenye kalamu hazitoshi hata kusubiri chenji.

Jiko Langu:
Mimi nilishaacha hayo mambo. Nina jiko dogo la gesi, sufuria moja, kitunguu na chumvi. Nashuka, napika pembeni ya tairi, nakula cha moto, silalamiki kwa mtu.

Daktari wa Barabara:
Vizuri, ila lisiwashwe ndani ya kebini madirisha yakiwa yamefungwa, na la mkaa ndiyo kabisa. Kaboni monoksidi haina harufu. Unalala umeshiba, huamki.

Moto Haramu:
Sisi wa tanki la petroli mnatushauri nini? Jiko gani hapo?

Trela Tupu:
Nyinyi wa tanki kila uzi lazima mtukumbushe mnabeba petroli.

Moto Haramu:
Kwa sababu mkisahau nyinyi tunalipuka wote.

Utingo wa Leo:
Wakubwa zangu shikamooni. Samahani kuingilia, lakini mnalia na kidole cha mwenye mgahawa, sisi nani atatulilia? Dereva anaagiza nyama, anakula nyama, anainua bakuli, anakunywa mchuzi masharubu yote ndani, halafu ananisogezea: "Kula mdogo wangu, wewe bado una nguvu." Nabaki na mfupa. Hiyo supu imepita kwenye masharubu nzima nzima, na sijawahi kufungua uzi.

Mama wa Safari:
Masharubu yana vidole vingapi? Tuhesabu.

Gia ya Nne:
Mzigo Mzito, una masharubu? Jibu haraka.

Mzigo Mzito:
Hayahusiani na mada.

Gia ya Nne:
Anayo.

Dereva Mkongwe:
Huyo utingo aache kuchafua watu. Mimi utingo wangu anakula kabla yangu. Tatizo lao wakishiba wanalala, spea inafunguliwa chini ya trela wao wanakoroma juu ya turubai.

Utingo wa Leo:
Mzee wangu, kwa heshima zote, usiku ule dereva yupo kitandani kwenye kebini na pazia kavuta, mimi nipo nje na mbu. Spea ikiondoka nakatwa mimi. Kwa nini nakatwa mimi peke yangu?

Dereva Mkongwe:
Kwa sababu kazi ya dereva ni kuendesha. Kulinda ni kazi yako.

Trela Tupu:
Hapo mzee umeteleza. Mzigo na gari vyote vimesainiwa na dereva. Spea ni ya dereva.

Mzigo Mzito:
Jamani, turudi kwenye mada. Mtu kachovya KIDOLE.

Mama wa Safari:
Uko wapi sasa hivi, kaka?

Mzigo Mzito:
Nipo hapa hapa. Nimezibwa mbele na nyuma, sitoki mpaka asubuhi.

Mama wa Safari:
Na njaa?

Mzigo Mzito:
Nimeagiza chai. Namwona anakuja nayo, amekishika kikombe kwa ndani.

Dereva Mkongwe:
Trela Tupu, umewahi kuajiri utingo wewe? Spea kufungwa mnyororo na kufuli ni kazi ya nani?

Utingo wa Leo:
Kufuli ninalo, mzee. Ufunguo mmeweka nyinyi kwenye kebini.

Zamu ya Usiku:
Kuna anayejua wanapouza hilo kufuli lisilokatwa na msumeno? La kwangu limekatwa jana, na mlinzi alikuwa amekaa juu yake.