Mdiria ananitoka kama uji: nibadili lenzi au tatizo ni mimi?

Nyakato88 (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Mwanza, nina kamera ya Canon 700D na lenzi ya kuvuta ya 75-300mm, vyote niliuziwa pamoja mkononi mwa mtu. Mwezi wa tatu sasa, kila nikipata nafasi nashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kupiga picha ndege. Yangeyange hawanisumbui, wanasimama karibu na dagaa utadhani wanasubiri daladala. Anayenitesa ni mdiria, yule mweusi na mweupe anayening'inia hewani juu ya maji halafu anadumbukia kama jiwe. Nimempiga picha zaidi ya 400. Nyingine ni maji matupu, keshaondoka. Nyingine yupo, ila manyoya yamegandana utadhani kamwagiwa uji.

Nina akiba ya milioni moja na nusu. Rafiki yangu anayepiga picha za harusi anasema ninunue lenzi ya 600mm niachane na mateso. Mke wangu anasema mdiria hata kwenye kalenda yupo. Nishaurini nijue nimsikilize yupi.

Picha ya mwisho ilikuwa hivi: saa 6 mchana, jua kali, 300mm, tundu la lenzi f/5.6, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/640 ya sekunde, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 100.

Jiwe Kuu

Nunua 600 mkuu. Kutafuta ndege kwa 300 ni kuvua sangara kwa ndoano ya furu.

fundi_lenzi

Jiwe Kuu, usimtie mwenzako hasara. Hiyo hela haifiki 150-600mm mpya, iwe Sigma au Tamron.

Mleta mada, tuanze na data zako. 1/640 inamtosha ndege aliyetua. Mdiria anayening'inia anapiga mabawa bila kupumzika, kwa hiyo anza 1/2000, na ukitaka mabawa yagande kabisa nenda 1/3200. Utaniuliza mwanga utatoka wapi: pandisha ISO. Nashangaa watu wanavyoiogopa ISO 800 kama deni. Chengachenga zinapungua kwenye programu ya kusafisha picha, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe AI Servo, ile inayomfuata ndege anavyosogea, tumia pointi ya katikati peke yake, maana ukiiachia kamera ichague yenyewe itashika mawimbi.

Pili, hiyo 75-300 naijua. Haina kitulizo cha mtikisiko, fokasi yake ni nzito, na ukiivuta hadi 300 kwenye f/5.6 inalainika. Lakini usiamini maneno yangu. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera iweke juu ya meza, piga kwa taima ya sekunde 2: kwanza 300 kwa f/5.6, kisha 300 kwa f/8, kisha 200 kwa f/8. Zikuze uzisome. Gazeti haliruki, kwa hiyo likitoka na ukungu kosa ni la lenzi. Likisomeka vizuri, kosa ni la mkono au shata.

mama Tumaini

Saa 6 mchana mwanangu? Hapo hata mwenye lenzi ya bei ya gari analia. Jua likishapasha maji na mchanga, hewa ya juu yake inacheza kama ile ya juu ya jiko la mkaa, na wewe unapiga picha kupitia humo. Ukileta 600 utamkuza ndege pamoja na hilo joto lake. Saa 3 asubuhi mimi huwa nimeshafunga begi.

Mwanza mna bahati. Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo asubuhi ukiangalia majini jua liko mgongoni kwako. Na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana ndipo unageuka. Mdiria akining'inia huelekeza kichwa kule upepo unakotoka, maana yake anakuangalia wewe. Ukienda jioni utapigana na jua la usoni na kupiga mikia.

Halafu acha kumfukuza. Ana kigingi chake. Akishapata samaki anarudi palepale kumpigapiga kwenye mti mpaka afe ndipo ammeze. Kaa chini, tulia nusu saa, usivae shati jeupe. Atakuzoea, utampata hatua kumi bila hiyo 600.

Furukombe

Naunga mkono. Naongeza la kihuni kidogo: kwa tai na furukombe (yule tai mla samaki), mkiona ameinama na kunya, kidole kiwe tayari, anaruka. Limenipa picha kuliko lenzi yoyote.

Kwa furukombe kuna njia rahisi zaidi. Pale Ziwa Naivasha, Kenya, waongoza boti humtia samaki kipande cha bua la mafunjo ili aelee, wanapiga mluzi, wanamrusha, furukombe anashuka. Unajua kabisa atatua wapi. Mleta mada aongee na wavuvi.

mama Tumaini

Nimeipanda hiyo boti, picha ninazo, na sijawahi kuzitundika. Zote zinafanana na za kila mtu aliyepanda siku hiyo. Sikukatazi kaka yangu, ila ukiiweka mahali sema kwamba samaki alirushwa.

La muhimu zaidi ni mashimo. Mdiria hutaga kwenye mashimo ya kingo za udongo. Ukimwona na samaki mdomoni anazunguka bila kutua, ujue umekaa mbele ya mlango wake na watoto wana njaa. Ondoka.

Nyakato88

Wakuu, wiki mbili zimepita, naleta mrejesho.

Gazeti limeniumbua mimi na lenzi kwa pamoja. Kwa 300 na f/5.6 vichwa vya habari tu ndivyo vinasomeka. Kwa f/8 afadhali. Kwa 200 nasoma mpaka matangazo ya viwanja.

Jana nilifika mwaloni saa 12 asubuhi, nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. 1/2000, f/8, ISO 1600, baadaye jua lilipopanda nikashusha hadi 800. Mama Tumaini, kigingi kipo kweli! Ni mti wa kufungia mitumbwi, nimeupita miezi mitatu. Wa kuning'inia bado ananishinda, kila nikimpata kwenye kioo anakuwa ameshadumbukia. Lakini nimempata dume mwenye mikanda miwili kifuani akimpigiza samaki, na magamba yanahesabika.

Fundi, nikitafuta mtumba wa 55-250mm yenye kitulizo, si nitapoteza 50mm?

fundi_lenzi

Utazipoteza, na hutazikumbuka. Chukua ile iliyoandikwa STM (aina ya mota ya fokasi). Kabla hujalipa, imulike kwa tochi uangalie kuvu ndani ya vioo, hasa huko ziwani kwenye unyevu. Hela itabaki nyingi.

Nyakato88

Iliyobaki mke wangu ameshaipangia mabati.

Jiwe Kuu

Magamba yanahesabika halafu picha hatuioni?

Nyakato88

Bando limekata mkuu. Usiku naipandisha.