Satelaiti za jeshi: kumiliki, kukodi au kununua huduma kwa kampuni?

Mtoto wa Ngomeni
Wadau salaam. Jeshi likitaka mawasiliano na picha za kutoka angani naona lina njia kama 3 hivi. Ufaransa wanamiliki vyao, mawasiliano Syracuse, picha CSO, na CSO-3 wameirusha Machi 2025 kwa roketi ya Ulaya ya Ariane 6. Uingereza mwaka 2003 waliwapa kampuni binafsi Skynet, satelaiti zao za mawasiliano ya jeshi, kampuni ikawa inatoa hela inaendesha mitambo, jeshi linalipia huduma tu na nafasi ikibaki wanauziwa wengine, hadi mkataba ulipoisha 2022. Halafu Marekani, wana Space Force, yaani jeshi la anga za juu, tangu Desemba 2019, bajeti ya 2024 karibu dola bilioni 29, na bado wananunua huduma kwa kampuni za SpaceX, Maxar (siku hizi Vantor) na Planet. Ninyi mngechukua ipi? Mi nimekua naangalia ile mitambo ya San Marco ya kurushia roketi, hapa pwani ya Kenya, imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma, satelaiti ya Uhuru ilirukia pale Desemba 12, 1970, ndo maana haya mambo yananigusa.

fundi_dishi
Nunua huduma, mapema sana. Cheki Ukraine, Februari 24, 2022 saa ya uvamizi wa Urusi modemu za KA-SAT, satelaiti ya intaneti ya kampuni ya Viasat, zikavurugwa na wadukuzi, maelfu zikafa, hadi Ulaya ya kati mitambo ya umeme wa upepo 5,800 haikuweza tena kufuatiliwa kwa mbali. Siku 2 baadae waziri wa Ukraine Fedorov kamwomba Musk, mwenye SpaceX, hukohuko Twitter na Starlink, intaneti yao ya satelaiti, ikawashwa siku hiyohiyo. Mi nafunga madishi ndo kazi yangu, lile la zamani unapanda bati unalenga, ukikosea kidogo tu signal hamna unaanza upya na jua lile. Hili la Starlink liweke peupe mwembe usilizibe, linatafuta lenyewe. Askari handakini atalenga dishi saa ngapi?

Mama Zuu
Kaka fundi, KA-SAT nayo ilikuwa ya kampuni, umeshajijibu hapo. Na malizia hadithi basi. 2022 hiyohiyo Ukraine waliomba Starlink ifunguliwe upande wa Crimea, eneo lao lililoshikwa na Urusi, kwa ajili ya shambulio la baharini, Musk akakataa. Machi 2025 serikali ya Marekani ikawafungia picha za Maxar walizokuwa wanapata kupitia mfumo wake, kampuni ikatii, ingefanyaje. Yaani uko katikati ya vita na macho unafungwa na mtu aliyekaa ofisini nchi nyingine. Mi kwenye hili sitanii, swichi ikiwa kwa mwingine basi hiyo huduma si yako hata ulipe vipi.

Mtoto wa Ngomeni
Dada hapo umenigusa, ila kumiliki kunakula hela na miaka. Ulaya wameona hilo, Desemba 2024 wamesaini mradi wa IRIS², satelaiti 290 za mawasiliano, yuro bilioni 10.6, sehemu kubwa hela ya umma na inayobaki inatoka kwa kampuni za SES, Eutelsat, Hispasat. Serikali inashika usukani na kampuni nazo zinafanya biashara yao humohumo, mi naipenda kuliko ile ya Uingereza. Tatizo huduma ni mpaka huko 2030.

kassim_254
Kwetu Kenya shirika la anga liko chini ya wizara ya ulinzi kwa hiyo mjadala unatuhusu moja kwa moja. Taifa-1 ilirushwa Aprili 15, 2023, shilingi milioni 50, ndogo ya kupiga picha, lakini kupanda juu ilibidi ibebwe na roketi ya Falcon 9 ya SpaceX. Unaweza miliki satelaiti na usimiliki njia. Hata Marekani hawamwachii mmoja, Aprili 2025 kazi ya kurusha satelaiti zao nyeti wamegawia kampuni 3, SpaceX safari 28, ULA 19, Blue Origin 7. Wenye roketi za kumwaga wanaogopa kumtegemea mmoja, sasa sie?

fundi_dishi
Sawa dada Zuu nimekubali kuhusu swichi. Lakini aliye handakini leo hangojei 2030.

Mama Zuu
Asingoje kaka, akodi. Ila akodi kwa kampuni 2 za nchi tofauti, kituo cha ardhini kiwe kwake na kiendeshwe na watu wake, na mkataba useme wazi nani anaruhusiwa kuzima na atoe taarifa siku ngapi kabla.