Panofsky na ngoma za kitemi za Bujora: hatua ya pili inaishia wapi?

Furu wa Kirumba
Wakuu, natakiwa kuandika kurasa mbili juu ya ngoma za kitemi (za watemi, watawala wa jadi wa Wasukuma) za makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kwa njia ya Erwin Panofsky ya kusoma kazi ya sanaa kwa hatua tatu. Hatua ya pili na ya tatu zinaniingiliana. Na huyu mzee ni nani hasa?

Jiwe la Bismarck
Mwanahistoria wa sanaa, Myahudi wa Ujerumani, kazaliwa Hannover 1892. Udaktari Freiburg 1914, kazi yenyewe ikiwa juu ya mchoraji Dürer, kisha akawa profesa Hamburg, karibu na maktaba ya Aby Warburg, mtafiti mwingine wa sanaa. Mwaka 1933 Wanazi walipowafukuza Wayahudi kazini yeye alikuwa New York. Habari ilimfikia kwa telegramu ndefu ya Kijerumani, imefungwa kwa ukanda wa karatasi ya kijani ulioandikwa salamu za Pasaka! Kuanzia 1935 akawa Princeton, akafia huko 1968.

Hatua tatu zimo kwenye kitabu chake Studies in Iconology, 1939. Mfano wake: mtu barabarani anainua kofia. Kwanza unaona mkono na kofia tu. Pili unajua ni salamu, kwa sababu unaijua desturi. Tatu unauliza salamu hiyo inafichua nini kuhusu zama na malezi ya mtu yule.

Mwalo wa Igombe
Kwa ngoma, anza na gogo na ngozi. Pima kimo na kipenyo, tazama ngozi imekazwa kwa kitu gani. Neno "kitemi" lisubiri. Hatua ya pili ndiyo inayosema ngoma hii ni ya mtemi na hupigwa lini. Ya tatu: utemi ulifutwa 1963, na ngoma zilizokaa kila moja kwenye ikulu yake sasa ziko pamoja chini ya paa moja, kwenye jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Kwa nini zikusanywe hivyo?

Kipimo chepesi: jambo ambalo mzee mmoja anayejua anaweza kukujibu ni la pili. Ambalo hakuna mmoja anayeweza kukujibu, mpaka ulinganishe vitu vingi, ni la tatu.

Jiwe la Bismarck
Ila usifanye kosa la Panofsky mwenyewe. Mwaka 1934 aliisoma picha ya Arnolfini, mwanamume na mwanamke chumbani, ya mchoraji Jan van Eyck kama hati ya ndoa: mbwa ni uaminifu, viatu vilivyovuliwa ni mahali patakatifu. Baadaye miale ya infraredi ilionyesha mbwa na viatu havimo kwenye mchoro wa awali ulio chini ya rangi, viliongezwa kazi ikiendelea. Vigumu basi kusema fumbo lote lilipangwa tangu mwanzo. Halafu yeye aliegemea maandishi. Wewe huku utaegemea nyimbo na wazee. Kiraka kwenye ngozi huenda ni kiraka tu.

Furu wa Kirumba
Kwa hiyo "ngoma ni mamlaka ya mtemi" ni hatua ya pili?

Mwalo wa Igombe
Ya pili. Na andika nani kakwambia.